Ninampikia Mama Mkubwa Bila Chumvi

Jumapili, mwezi wa saba. Tangu asubuhi Tunduma ina upepo ule wa baridi unaobeba vumbi la foleni ya malori mpaka ndani ya vikombe. Nimefunga madirisha, nimejifunika shuka mabegani, nimekaa nyuma ya cherehani na sishoni kitu. Nina hasira. Nasema mapema, ili anayetafuta maneno ya faraja ya Jumapili asipoteze muda wake hapa.

Nina hasira na mwanamke mzee aliyelala chumba cha pili.

Ni mama mkubwa wa marehemu mume wangu, Laston. Ndiye aliyemlea, maana mama yake Laston alifariki mtoto akiwa na miezi mitano. Mimi humwita Mama. Yeye huniita mkwe, au Mama Sekela, kwa jina la binti yangu mwenye miaka mitano. Tunaitana vizuri sana. Mtu akisimama dirishani akatusikia, atasema hawa wanapendana.

Laston aliondoka mwaka jana, akiwa na miaka thelathini na tatu. Alikuwa fundi ujenzi. Presha ilimkaa mwilini muda mrefu bila yeye kujua, mpaka siku moja akashuka kwenye ukuta aliokuwa anajenga na kusema haoni vizuri. Tulipofika Mbeya, figo zilikuwa zimeshachoka. Miezi saba tulikwenda kusafisha damu, tukirudi wawili. Halafu nikarudi mmoja.

Nakumbuka vitu vidogo. Mfuko wa shati lake la kazini ulikuwa na karatasi iliyokunjwa, ndani yake chumvi. Alinyunyizia chungwa, embe bichi, hata parachichi. Nyumbani alitia chumvi kwenye sahani kabla hajaonja. Nikiuliza, "Umejuaje kama haitoshi?" alicheka: "Kwangu haijawahi kutosha." Nilipofua shati, mshono wa ule mfuko ulikuwa mgumu, wenye ukoko mweupe. Nilikuwa nauloweka peke yake kwanza.

Daktari wa Mbeya, mama mmoja mpole, alimuuliza alikula nini utotoni. Laston alijibu kwa furaha, kama mtu aliyeulizwa kuhusu sikukuu. Alisema kwao ni bondeni Momba, ambako mama yake mkubwa alikuwa anakwangua udongo wa chumvi, anauchuja kwa maji, kisha anachemsha yale maji mpaka chumvi inabaki chini ya chungu. Chumvi haikuwahi kukosekana nyumbani hata vitu vingine vyote vilipokosekana. Uji wake tangu akiwa wa kubebwa mgongoni ulitiwa chumvi. Kiangazi, mboga zikikauka, ugali walichovya kwenye maji ya chumvi. Na ukoko wa chini ya chungu ulikuwa wake yeye, kwa sababu alikuwa yatima. Wenzake walilia, yeye akakabidhiwa.

Daktari alisema ulimi wa mtoto hujifunza. Ukiuzoesha chumvi nyingi mapema, utaidai ukubwani. Alisema presha inaweza kuanza kupanda tangu utotoni, polepole, bila maumivu, na figo zikabeba mzigo huo kwa miaka. Pia alisema hawezi kuapa kwamba ni chumvi peke yake. Wengine huzaliwa na figo dhaifu, wengine huharibiwa na dawa za maumivu, na mafundi wanazimeza sana.

Mimi nilitoka na nusu ya kwanza ya maneno yake. Ile nusu ya pili niliiacha palepale juu ya benchi.

Msibani, mama mkubwa alilia mpaka akaanguka. Mimi nilisimama nikimtazama. Niliwaza: lia, wewe ndiye uliyempikia.

Mwezi wa tatu, mwanawe wa kumzaa, Osia, anayefuga ng'ombe huko bondeni, aliniletea mzee. Miguu ilikuwa imevimba, kichwa kinamgonga, presha juu. Osia alisema, "Shemeji, huku zahanati ipo karibu, sisi kule mpaka ufike jua limezama. Kaa naye kidogo." Nikakubali. Ndugu wote wakanishukuru kwenye simu. Hawakujua kwa nini nimekubali.

Kusema kweli, hata mimi sikujua. Nilijua tu kwamba nimeletewa.

Zahanati walimpa vidonge, halafu muuguzi akanigeukia mimi: "Chumvi kidogo kabisa, mama. Ukiweza, usimtilie. Atasumbua, lakini usimhurumie."

Usimhurumie! Moyo wangu ulipiga vigelegele.

Basi nikaanza. Maharage bila chumvi. Mchicha bila chumvi. Ugali, mboga ya maboga, viazi, vyote bila chumvi, kwa utiifu ambao sikuwahi kumwonyesha hata mchungaji. Siku ya kwanza alionja, akashusha tonge.

"Mkwe, hii mboga imepikwa au imeogeshwa?"

"Imepikwa, Mama. Ni amri ya daktari."

"Huyo daktari ana meno kweli?" Akaivuta sahani, akaisukuma, akaivuta tena. "Hata ng'ombe wa Osia tunawapa chumvi ya kulamba. Ng'ombe, Mama Sekela!"

Ningeweza kucheka. Mzee ana maneno. Lakini niliinama nikafuta meza, uso wangu mkavu.

Jirani zangu wananisifu. Akina mama wa kanisani walikuja kumwona, wakaniona napima vidonge, wakaonja chakula chake wakakunja nyuso, wakasema nina moyo wa pekee. Mmoja alisema angepata mkwe kama mimi angezeeka kwa amani.

Wasichokijua ni hiki. Nilikuwa napika sufuria mbili. Yake ilikuwa ya daktari. Yangu na ya Sekela ilikuwa ya kisasi. Nilikaanga dagaa kwa chumvi mpaka harufu ikajaa nyumba, nikaketi mbele yake, nikawatafuna taratibu, mmoja mmoja, wakilia kati ya meno. Alikuwa ananitazama mdomo. Siku nyingine alimeza mate. Nilikuwa nahesabu mara ngapi anameza.

Nimeandika. Sifuti.

Jambo la kuudhi ni kwamba anapona. Ijumaa muuguzi alimfunga kile kitambaa mkononi, akapima, akapima tena, akatabasamu. Presha imeshuka vizuri. Miguu imerudi kuwa miguu. Anatembea mpaka bombani na kurudi bila kupumzika. Muuguzi akanipigapiga bega: "Umemwokoa." Nilirudi njia nzima nikiwa kama mtu aliyemrushia adui jiwe, likageuka mkate angani.

Jioni hiyohiyo Osia akapiga simu. Amefurahi, anakuja Jumanne kumchukua.

Halafu ikaja jana.

Kwa siku kadhaa Sekela alikuwa anakunywa maji kikombe baada ya kikombe, nami nikadhani ni vumbi la huku kwetu. Jana mchana niliacha gauni nililokuwa nashona nikaingia chumba cha mama mkubwa kuchukua shuka. Walikuwa wamekaa mkekani, magoti yamegusana. Kanga ya mzee ilikuwa na fundo pembeni, fundo limefunguliwa. Ndani mna chumvi. Sekela alikuwa ameinamia kiganja cha bibi yake, analamba.

"Mama! Unampa mtoto nini?"

"Chumvi, mkwe. Kidogo tu." Wala hakuficha. "Yeye ananichotea, na mimi namgawia. Ni biashara yetu."

"Tamu," alisema Sekela.

"Unamfanya kama ulivyomfanya baba yake?"

"Nimemfanyaje baba yake?"

Nikasema. Nilikuwa nimelibeba neno hilo tangu msibani, na lilipotoka halikuwa kubwa kama nilivyotegemea. Nilisema, "Ulimuua. Chumvi yako ndiyo iliyomuua Laston. Daktari alisema."

Sekela alianza kulia, nikamtoa nje. Niliporudi mzee alikuwa bado amekaa vilevile, kiganja wazi, chumvi iliyobaki imelowa mate ya mtoto.

"Daktari alisema hivyo?"

"Alisema."

Kisha akaongea bila kunitazama.

"Alikuwa na miezi mitano. Mama yake hatujamaliza hata kumlilia. Nilimpeleka kwa wanawake wawili wenye maziwa, akakataa matiti yao. Uji akatema. Siku mbili anatema. Shingo ikaanza kulegea. Nikatia chumvi kwenye uji, chembe, akameza." Alifunga kiganja. "Mtoto wa marehemu amemeza, mkwe. Hapo ungeuliza nini tena? Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Nilichukua shuka nikatoka.

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mimi najua ningefanyaje, kwa sababu nilifanya. Sekela alipofikisha miezi sita aliukataa uji. Kliniki walituambia waziwazi, sisi kina mama wote kwenye benchi, kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja uji wake usitiwe chumvi. Nilisikia, nikaitikia. Nyumbani Laston akaonja, akasema, "Mama Sekela, hata mimi ningelia," akatoa ile karatasi yake mfukoni, akabana kwa vidole viwili. Sekela akameza. Mimi nilipiga makofi. Kesho yake sikumsubiri Laston. Nilitia mwenyewe.

Na chumvi ya jana haikutoka bondeni. Ilitoka kwenye kopo langu, lile la sufuria ya pili. Bila wale dagaa wangu, kusingekuwa na chumvi ndani ya nyumba hii ya kumfikia mtoto.

Hata hivyo sijamsamehe. Watu wanadhani ukishaijua sababu ya mtu, hasira inaondoka. Yangu haijaondoka. Imekosa tu mahali pa kukaa, inazunguka nyumbani, saa nyingine inanikalia mimi.

Jana jioni nilimpelekea chakula. Nilitegemea maneno yake, kuhusu mboga iliyoogeshwa, kuhusu ng'ombe. Hakusema. Alikula ugali na mchicha ule usio na ladha, tonge baada ya tonge, mpaka akafuta sahani kwa kidole. Akasema asante. Niliichukia asante ile. Ilikuwa kama ameninyang'anya fimbo, akaanza kujipiga mwenyewe, tena kwa nguvu kuliko nilivyokuwa nampiga mimi.

Leo baada ya ibada aliniuliza, "Osia akija Jumanne, niende?"

Nikaenda kukaa uani kufikiri.

Najua atakachokikuta kule. Mkwe mwingine, mke wa Osia, mwenye upendo kunizidi, asiyeweza kumnyima mzee kitu. Chungu kiko palepale. Vidonge vitasahaulika. Kabla ya masika miguu itavimba tena, na safari hiyo huenda isifike zahanati. Nami sitakuwa nimefanya lolote. Nitakuwa mkwe aliyemtunza vizuri, akamrudisha akiwa mzima. Kisasi kamili, mikono safi, na bado nitasifiwa kanisani. Ningeweza hata kumfungashia zawadi.

Nilikitazama kisasi hicho kwa muda mrefu. Nakiri kilinivutia. Niliona mpaka kitenge nitakachovaa msibani.

Kisha nikampigia Osia.

"Shemeji, Jumanne usije."

"Kuna nini? Si walisema amepona?"

"Presha imepanda tena," nikasema. Uongo, siku ya Jumapili, nguo ya kanisani ikiwa bado mwilini. "Daktari anataka abaki."

"Mpaka lini?"

"Nitakwambia."

Nikamwaga chumvi ya kopo chooni. Mchana nimepika sufuria moja. Sekela ametema, amelia, amesema mimi ni mbaya na bibi ni mzuri. Mimi mwenyewe nilipata taabu kumeza. Miezi minne nilikuwa nampikia mtu chakula hiki, na sijawahi kukionja. Ni kibaya kweli.

Baada ya kula nilimwambia mzee kwamba haendi.

Alinitazama. "Kwa hiyo umenifunga, Mama Sekela."

"Ndiyo, Mama. Nimekufunga."

"Kifungo cha muda gani?"

"Mpaka Sekela aolewe."

Alimtazama Sekela, aliyekuwa amenuna juu ya kiti, miguu haifiki chini. Akapiga hesabu kwa vidole, vidole vikaisha, akaanza upya.

"Wewe mwanamke ni katili," akasema.

"Ndiyo, Mama," nikasema, nikamletea vidonge na maji.