Chebo Alipomuuliza Baba Yeye Ni Nani

Yesenia, uko? Siamini. Siamini kabisa.

Leo mchana baba na mjomba Chebo walialikwa mjini Burbank, kwa mashabiki wa zile filamu zao za wavuta bangi wawili. Ukumbi mzima unaita, "Lalo! Chebo!" Miaka arobaini, watu bado wanawachekea.

Baba kashika maiki, anasimulia walivyounguza kochi la watu kwa msokoto. Chebo akamgeukia, akamtazama weee. Akamuuliza, "Samahani, kwani wewe ni nani?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko! Walidhani ni kichekesho, Yese. Watu wanafuta machozi.

Baba alijua si mzaha. Akacheka nao, akajibu, "Punguza bangi, wewe!" Wakashangilia tena.

Wewe ni nani. Anamuuliza baba!!

Daktari alishasema ugonjwa huu wa Chebo wa kusahau hauna tiba, utazidi tu. Baba alikuwa hataki kusikia.

Kwenye gari baba akamfunga mkanda. Chebo akamwambia kwa adabu, "Asante, mzee. Ukimwona rafiki yangu Lalo, mwambie namsubiri."

Baba akasema, "Nitamwambia, ndugu yangu."

Kisha akanipa mimi funguo. Hakuweza kuendesha.