Barua Aliyokuachia Mama Rehema

Kwako Shangazi,

Nina hasira, na wa kumwambia sina ila wewe uliyetangulia.

Unakumbuka Chang'ombe, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wanawake wasiojua kusoma walivyokuwa wakikuletea barua zao? Ulikuwa unashusha pazia, unafungulia redio, mie unanituma uani nikaoshe vyombo. Siku Mama Rehema wa nyumba ya pili alipotoka kwako macho mekundu, nilikuuliza kaandikiwa nini. Ukanijibu, "Barua ya Mama Rehema muulize Mama Rehema." Nikanuna siku mbili.

Barua yenyewe aliiacha kwako, mawifi zake wasiione. Kisha akatangaza kuwa mumewe amefia machimboni. Tukakaa matanga, nawe ukalia na wenzako. Miaka yote hiyo hukunong'ona.

Arobaini yako haijafika, kaka Hamisi akafungua sanduku lako. Akaipiga picha ile barua, majina yote yanasomeka, akaitupia kwenye grupu la ukoo: "Kumbukumbu za Shangazi." Kufika jioni iko Facebook, watu wasiotujua wanamcheka mwanamke aliyeachwa kwa barua. Nikampigia afute. "Sista, ya zamani hiyo, ishu iko wapi? Watu wameipenda." Wameipenda. Kwani taarabu? Tangu lini siri ya mtu ikaisha muda kama dawa? Amefuta, lakini waliokwisha kuihifadhi wanayo mpaka leo.

Na Rehema, mtu mzima mwenye watoto wake, anayemsomea babake hitima kila mwaka, ameona kwenye simu kwamba babake hakufa. Aliwaacha, akaoa Mwanza. Sasa hasemi na mamake.

Jana nilikwenda kwa Mama Rehema. Shikamoo yangu hakuiitikia. "Shangazi yako nilimwamini," akasema. "Kumbe alikuwa ananisema." Iliniuma, Shangazi, wewe kuitwa msengenyaji. Nikamwapia kwamba hukumwambia mtu, hata mie. Nikamweleza habari ya kaka na simu yake. Akanisikiliza, kisha akaniuliza taratibu, "Na wewe uliisoma?"

Niliisoma. Niliisoma mpaka chini kwenye sahihi, ndipo nikampigia Hamisi kumgombeza.

Uniwie radhi, nawe upumzike.

Mie, binti wa kaka yako