Basi Lilikuwa Uani

Wakili, rafiki yangu,

Jana nimekuota tena. Umekaa kiti cha nyuma ya dereva, miwani imepanda kwenye paji la uso, unasoma makaratasi yako, na nje ukungu wa milima ya Cherangani umefunika kila kitu hata sijui tunaenda au tumesimama. Nikakuuliza unashukia wapi. Ukafunua ukurasa mwingine. Unanijua, nilikasirika hata ndotoni.

Sasa nikupe habari. Leseni imetoka. Basi letu linabeba watu kutoka Matulo mpaka Kitale, kihalali. Wale Wazungu wa bodi ya leseni waliotukatalia miaka yote, ati reli ipo, watu wapande gari la moshi, wamekubali. Nakukumbuka ulivyosimama mbele yao na koti lako lililopauka, ukasema, "Reli ipo, lakini inazunguka kama mtu anayemkwepa mama mkwe wake." Hayo nilikufundisha mimi, kwamba kwetu Wabukusu mtu na mama mkwe hawakutani njiani. Hakuna aliyecheka ila karani wao.

Kila nilipokuja ofisini kwako Kitale uliniambia, "Wafula, basi likae uani. Ukilitoa kabla ya leseni, umeniulia kesi." Nikalikalisha. Kuku wakataga ndani yake.

Kisha ikaja habari kwamba umekufa, moyo umesimama asubuhi ukinywa chai. Basi lilikuwa pale uani, Wakili, tangi limejaa, na barabara ya Kitale inapita mbele ya boma langu. Mke wangu Nekesa akalitazama, akanitazama. Nikasema hapana, Wakili mwenyewe alikataza. Tukapanda gari la moshi na majirani, tukazunguka nalo, tukalala stesheni tukingoja lingine la kwenda Kitale. Sikuwa na wasiwasi. Kwetu maiti hungoja watu wake. Wajomba wafike, wakwe wafike, ndipo azikwe. Nekesa alikuwa amebeba unga wa matanga.

Tukakuta majivu.

Nani angeniambia kwamba kwenu Wahindi mtu hangoji jua la pili? Nililia pale mtoni walikokuchomea, hasira na uchungu pamoja. Mwanao akanijia, kichwa kimenyolewa. Nilishangaa, kumbe nanyi mnanyoa. Nami nikanyoa, kama tunavyomnyolea ndugu.

Bodi ilipokaa tena sikuwa na wakili. Nikasimama na kipara changu. Kusema kweli nilitaka kuwatukana. Nikawaambia tu, "Aliyekuwa akinisemea amekufa hapa Kitale. Nilitii sheria yenu, nikapanda reli. Nimekuta majivu." Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Kisha akaichukua tena, akatia sahihi leseni.

Siku hizi tukivuka ule mto dereva hupunguza mwendo bila kuambiwa. Mimi hutazama kile kiti cha nyuma yake. Mara nyingi kuna mama amesinzia na mtoto.

Basi lala, Wakili. Nakuahidi hivi: mwenye msiba akisimamisha gari letu, hata liwe limejaa mpaka mlangoni, atapanda. Mimi nitashuka nimpishe. Nilichelewa kwako, mwingine hatachelewa kwa mtu wake.

Wako,
Wafula