Jina Ambalo Mama Amejifunza Kulisoma

Jumanne, 8 Oktoba

Jibu la mbunge limefika, na bahasha ilikuwa na jina la Baba! Mimi ndiye niliyemwandikia mbunge wetu, kumuuliza kama Mama anaweza kupiga kura huku ughaibuni ingawa hajui Kiingereza. Yeye amemjibu Baba.

Baba aliisoma barua hiyo kwa Kiswahili mbele ya Ami Salim huku nikiwamiminia chai. "Nimepokea barua ya binti yako. Hilo ni jambo la nyumbani kwenu, nakuachia wewe."

Ami alicheka sana. "Kumbe tuna wakili humu ndani! Na salamu yake hata haisikiki."

Chai ilimwagika kwenye kisahani. Sitamsamehe yule mbunge, sitamsamehe kabisa.

Baba alipojaza fomu ya kuandikisha wapiga kura wa nyumbani kwetu aliliacha jina la Mama makusudi. Basi leo nimekwenda kuomba fomu nyingine, na Mama ameitia saini kwa herufi za Kiarabu. Baba akijua, sijui itakuwaje.

Nilidhani Mama ataogopa. Aliuliza tu, "Huyo bwana aliyekudharau, jina lake linaandikwaje?"

Nikamwandikia kwa herufi kubwa. Jioni nzima alikaa nalo jikoni, akilifuata kwa kidole herufi moja moja, kama alivyokuwa akinifundisha Kurani nilipokuwa mdogo.

"La nini, Mama?"

"Nisije nikakosea siku ya kura, mwanangu, nikamtia alama yeye."