Wamekuja Kumwona Mgonjwa

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa dada yangu mpenzi Mwanasiti, huko Kigoma,

Assalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na wajukuu, na lile goti lako linalokusumbua nyakati za mvua liwe limetulia. Huku kwetu mvua zimechelewa, vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria, ila tunamshukuru Mungu. Mi sijambo. Neno hilo nimeliweka hapa juu kwa makusudi, dada, na nakuomba ulisome mara mbili: mi sijambo.

Khaled, yule fundi magari anayefuata spea huko kwenu, kanipa habari zako. Kasema ulilia dukani mbele za watu, ukamwambia shemeji kwamba mdogo wako anakwisha nawe hujaenda kumwona, na kwamba umeshaanza kufunga begi. Ndiyo sababu nampa barua hii huyo huyo Khaled. Kwa simu ungenikatiza kwa kilio, nami ningeshindwa kusema.

Nianzie mwanzo. Hedhi ilipokatika, mwili nao ukaanza kiburi. Nala kile kile nilichokula miaka yote, mwili unaumuka kama unga uliotiwa hamira! Magoti yakauma, tansiyo, yaani presha, ikapanda. Daktari mmoja wa kule Kamenge, mwanamke wa makamo kama sisi, akanieleza kuwa katika umri huu misuli hupungua na mafuta hupenda kukaa tumboni, kwa hiyo nisijishindishe na njaa, bali nipunguze ugali, mawese na sukari, nizidishe maharage, samaki na mchicha wetu wa lengalenga, nitembee kila asubuhi, tena niwe nainua vitu vizito kidogo. Nilicheka. Nikamwambia vitu vizito nimeinua tangu nizaliwe.

Basi nikafanya. Nikishasali alfajiri natembea mpaka karibu na ziwa na kurudi, halafu nainua vibidoni viwili, vidumu vya maji, sebuleni mbele ya picha ya marehemu mume wangu Hamissi. Angekuwepo angecheka mpaka aanguke kitini. Mara ya kwanza nilipungua, ikaja Iddi, unene ukarudi wote na nyongeza juu. Kwa hasira nikashinda bila kula, nikaanguka jikoni. Nikaanza upya, safari hii taratibu, na mwili ukakubali. Fundi cherehani alinipunguzia magauni yote. Tansiyo ikashuka, daktari akanipigia makofi.

Lakini nani mwingine wa kunipigia makofi, dada? Hamissi yuko kaburini. Binti yangu Houda yuko Ubelgiji kwa mumewe, namwona uso tu kwenye simu, tena akiwa na haraka. Wewe mara ya mwisho ulikuja kwenye arobaini ya Hamissi. Nilikuwa natandika sahani moja, nakula lengalenga yangu huku nasikia majirani wanacheka nyuma ya ukuta. Kujizuia kula si kazi pale ambapo hakuna wa kukwambia ongeza.

Sasa jirani yangu Amandine, Mkristo mwenye roho nzuri sana, siku moja alinikuta Kamenge natoka kwa daktari, nimekonda, bahasha mkononi. Hakuuliza. Unajua watu wetu, mnene akikonda hawamuulizi kakondaje, wanainamisha macho tu na kila mtu anajijazia mwenyewe. Akanishika mkono, akaniambia nijikaze, Mungu yupo. Kesho yake akaleta sufuria ya samaki mukeke wa mawese. Alhamisi wakaja wanawake wenzangu wa msikitini, chumba kizima, wakakaa mkekani wakanisomea Yasini. Hata mmoja hakutaja jina la ugonjwa, maana kuuliza ni aibu.

Na mi sikusema.

Wallahi maneno yalifika kwenye ulimi. Lakini mmoja alikuwa kaniegemea begani, mwingine anachambua mchele wangu, watoto wao wanakimbizana uani, na nyumba ilikuwa na harufu ya chakula cha watu wengi. Nikajilaza kwenye mto waliouweka, nikaitikia amina. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mi nimeficha afya, dada, uvumi ukafika Kigoma, na kilio kimetoka kwako.

Kutoka siku hiyo wakawa wanakuja kila Alhamisi, na mi nakula nao. Baada ya muda gauni likaanza kubana. Amandine akafurahi, akawatangazia kuwa nimeanza kupona. Alhamisi iliyofuata walikuja wawili tu, nao hawakukaa. Nikashikwa na hofu, na haikuwa hofu ya tansiyo. Nikarudi kwenye matembezi na vibidoni vyangu, nikasukuma sahani pembeni, mpaka mashavu yakaingia tena ndani. Wakarudi wote. Wako watu wanaotafuta siri ya kutorudisha unene baada ya hedhi kukoma. Yangu ndiyo hii, naona haya kuiandika: siku hizi sijikondeshi kwa ajili ya daktari. Nakonda ili waje.

Hata Khaled aliponiambia umenililia, nilifurahi kwanza, Mungu anisamehe, ndipo nikaona haya.

Alhamisi hii nitawaambia ukweli, na sijui nani atabaki mkekani. Wewe nimetaka uujue kabla yao. Siumwi, dada. Ukitaka kufungua hilo begi, fungua, sitakulaumu. Lakini nakuomba usilifungue. Wazee wetu waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakusema lazima mwenyeji awe na homa. Nitakupikia mukeke na ugali wa kutosha. Mi nitakula kidogo, ndivyo mwili wangu unavyotaka sasa. Wewe kaa tu mbele yangu uniambie niongeze, ili na mi nipate wa kumkatalia.

Mpe shemeji salamu zangu, mwambie anisamehe kwa machozi ya bure. Wajukuu wabusu mmoja mmoja. Mungu akulinde njiani, kama kuna njia.

Ni mimi mdogo wako, mzima wa afya,

Assia