Kigari cha Mdoli

Jumatatu, 3 Machi
Sijawahi kumwambia mtu. Ndevu zimeanza kunichungulia na bado natamani kigari cha mdoli. Kile cha kusukuma, chenye kikofia cha kukunja. Nilikililia dukani nikiwa mdogo, mama akanivuta mkono: hicho cha wasichana, baba, twende. Nikanunuliwa bunduki ya maji. Ilivuja.

Sasa mama anapanga bidhaa dukani humohumo. Nikitoka shule namsubiri. Kigari kama kile kipo, upande wa rangi ya waridi, chini ya bango WASICHANA. Watu wakigeuka nakisukuma kwa kidole. Gurudumu moja linalia—kwi, kwi.

Jumatano, 5 Machi
Klabu yetu ya shule imeamua: mabango ya WASICHANA na WAVULANA pale dukani yatoke! Spika (hana sauti ya chini, ndiyo maana tunamwita hivyo) alimwandikia meneja, hakujibiwa. Basi tutafunika kwa stika: YA MTOTO YEYOTE. Nani abandike? Macho yote kwangu. Spika akasema mimi mle dukani ni kama fenicha, nani atanishtukia? Wakacheka. Nikacheka pia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimebandika! Mtoto wa kiume akakumbatia sufuria za kuchezea. Baba yake akasoma bango, akakuna kichwa, wakaenda kulipa. Nilitamani kuwakimbilia. Nikajifanya nafunga viatu.

Jumamosi, 8 Machi
Jamani, sikufikiria. Anayebandua ni nani? Mama! Meneja kamwambia haondoki mpaka mabango yang'ae. Karudi kucha zimekatika mpaka kwenye nyama. Nimemshikia beseni la maji ya uvuguvugu, vidole vyake ndani.

—Nikimkamata huyo na gundi yake, atanitambua.

Nilitaka kusema. Insha yangu ya usawa, kwa ile lugha ya darasani, ilipata alama zote. Kwa lugha ya mama yangu maneno mawili tu yananikaba: ni mimi.

Jumanne, 11 Machi
Spika kaleta rundo jingine la stika. Nikakataa. Umeogopa, eti? Nikamwambia anayezibandua ni mama. Spika akazirudisha stika begini. Kisha kwa sauti ya chini kabisa—Spika!—akasema: basi tumfuate meneja uso kwa uso, Alhamisi, na wewe ndiye utaongea. Mimi! Mbele ya mama!

Jumatano, 12 Machi
Sare yangu imefuliwa, imepigwa pasi. Mfukoni mwa shati kuna stika niliyoisahau. Imekauka, imenyooshwa vizuri, imerudishwa palepale. Kwa hiyo mama anajua.

Wakati wa kula alinipakulia. Akaniongezea mchuzi. Halafu, bila kuniangalia: siku ile ulilia sana, eh? Nikauliza siku gani. Akasema basi, kula. Akatoka nje.

Natamani angenigombeza. Natamani angeuliza tena, safari hii ningejibu. Ningesema ndiyo mama, nililia, na mpaka leo—

Mlango wa mbele. Ndara zake koridoni. Anakuja huku. Daftari chini ya mto, haraka—ngoja. Si ndara peke yake. Kwi, kwi