Rafu ya Chini Katika Banda la Uani

Baba, shikamoo.

Nakuandikia nimekaa kwenye kigoda chako, mlango wa banda uko wazi, na hapo uani wapangaji wanagombania kamba ya kuanikia nguo kama kawaida yao. Arobaini yako tumeisoma juzi. Nataka haya uyapate kwangu, kabla Fundi Selemani, anayeshona pale barazani, hajayatia chumvi.

Siku ya tatu ya msiba, mikeka haijakunjwa, Baba Mdogo alisimama mlangoni hapa akalitazama banda lako. Unamjua mdogo wako, hazungushi maneno. "Hawa," akasema, "haya ni makorokoro. Nakupa mpaka arobaini. Nikikuta karakana, ni yako. Nikikuta hivi hivi, nalivunja tuweke chumba cha mpangaji." Nilimnunia wiki nzima. Lakini nyumba hii ya Kariakoo ni yenu nyote wawili, na banda kweli lilikuwa halitazamiki. Nami sina kazi nyingine niijuayo. Miaka sita nimekaa nje ya mlango huu nikifungua cherehani za watu, nikizisafisha, nikizipaka mafuta, kisha nakukabidhi wewe ndani, unafunga mlango. Banda likivunjwa, nami nimekwisha.

Basi nikaanza kutoa. Pedeli, magurudumu, mikanda, makopo ya maziwa ya unga ishirini na kitu, springi ulizozikunja mwenyewe kwa waya wa baiskeli kwa sababu madukani miaka hii hakuna kitu, ukiuliza spea unaulizwa kama una ndugu bandarini. Cherehani moja ikifa, viungo vyake uliwagawia wenzake kumi. Uani pakajaa mpaka mpangaji wa chumba cha mwisho akaniuliza kama tumeandikiwa kuhamia kijiji cha ujamaa.

Huku natoa, nilikuwa naikumbuka siku ile. Unaijua. Ulikwenda Ilala kwenye harusi, nami nikataka kukufurahisha. Nikafagia banda, nikapanga makopo yako upya, makubwa chini, madogo juu, yakapendeza. Ulirudi, ukaingia, ukanyoosha mkono, ukabaki umesimama. "Nani ameingia humu?" Ukajifungia siku nne, cherehani ya Fundi Selemani inasubiri mlangoni, nami nasikia tupa yako ya kunolea tu ikikwaruza huko ndani. Nikasema huyu mzee ananuna, kiburi kimemjaa. Nikakuambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, kwamba hata ukiwekewa kitu kizuri mbele ya macho hukioni. Hayo ndiyo niliyosema, baba. Hukunijibu.

Banda likawa tupu, zikabaki rafu mbili ukutani. Ya juu, ile ya siku zote, ilikuwa usawa wa bega lako. Ya chini uliiweka baada ya harusi ile, na tangu hapo hukuweka kitu juu yake, nami sikuelewa mtu mwenye makorokoro yote yale anaachaje rafu tupu. Nikaamua kuzipiga msasa nizipake rangi. Nilikuwa nimeshasugua nusu ya ile ya juu, najisifu jinsi inavyoteleza, ndipo kiganja kikapita kwenye ukingo nikahisi kitu. Mkato mmoja mdogo wa tupa. Mbele kidogo, mikato miwili. Kisha mitatu. Nikadhani ni wadudu wa mbao. Nikachukua kopo moja nikapapasa kitako chake, mikato mitatu. Jingine, mitano, mmoja wake wa mshazari. Makopo yote yale, baba, kila moja lilikuwa na hesabu yake ya kusomwa kwa vidole, na kila hesabu ilikuwa na mahali pake kwenye rafu.

Nilikaa sakafuni. Kisha nikainuka nikafunga mlango, giza likawa giza kweli, maana banda halikuwa na dirisha, nikanyoosha mkono kama ulivyonyoosha wewe siku ile. Mtaa mzima ulikuwa unakusifu kwamba unabana mafuta ya taa wakati huu wa uhaba, mzee yule anafanya kazi humo ndani bila kuwasha hata kibatari. Kumbe taa hukuwa na kazi nayo.

Nilitoka mbio mpaka kwa Fundi Selemani. Alikuwa anashona, akasimamisha mguu, akanitazama tu akajua. "Aliniomba nisimwambie mtu," akaniambia. "Miaka minne, Hawa. Miwili ya mwisho hata kivuli alikuwa hakioni." Akanieleza ulichokiogopa, kwamba nani atampelekea kipofu cherehani yake, hasa siku hizi ambapo ikiharibika huipati nyingine. Hapo mambo yakaanza kunijia mfululizo. Ulivyokuwa ukinipa sindano nikutungie uzi, ukisema macho yangu bado mapya. Ulivyotaka nikusomee gazeti, eti sauti yangu inakustarehesha. Ulivyosubiri mtu akusalimu ndipo umtaje jina. Ulivyoinamisha sikio juu ya mashine ukasema, "Inaruka mshono mmoja kila baada ya saba," tukahesabu, na kweli ikawa inaruka. Mimi nilikuwa naishi nyumba moja na ajabu hii, naipikia, naipelekea maji ya kuoga, nami sijui kitu.

Nikarudi kwenye rafu ya chini. Nikapapasa ukingo wake. Mikato yote ilikuwepo, kuanzia mmoja mpaka mwisho, mikali, haijaguswa na mtu. Nikajiuliza kwa nini uifanye kazi hiyo mara mbili. Nikasogea karibu, na ukingo ukanigusa begani. Bega langu mimi, si lako. Ndipo nikakumbuka kwamba katika zile siku nne ulifungua mlango mara moja ukaniita, "Hawa, hebu simama wima." Ukaweka mkono begani kwangu, ukashusha uzi mpaka chini, ukaufunga fundo. "Kafupi kama marehemu mama yako," ukasema, ukafunga mlango tena. Nilidhani unanitania ili tupatane.

Bibi, mama yako, alikufa haoni. Tuliambiwa ni uzee. Wewe hukuwa mzee, baba, ulikuwa na miaka hamsini na kitu. Ulijua kuna nini katika damu yetu, hukuweza kunikinga nacho, basi ukanichongea njia, ukiwa gizani peke yako, kwa tupa na kiganja. Nimelia sana tangu ufe, lakini siku ile sikulia. Kwanza niliogopa. Kisha kikanijia kitu kikubwa kuliko woga, sijui nikiite nini, kilichonifanya nivue kandambili mlangoni kabla ya kuingia tena.

Karakana nimeitengeneza. Mzee Mhindi wa duka la vifungo alinipa makasha mawili, kwa mbao zake nikapata meza na droo mbili. Makopo yako nimeyapanga rafu ya chini, kila moja kwenye mikato yake, na sijakosea hata moja, vidole havikuniacha nikosee. Ile mikato ya juu niliyoifuta kwa msasa nimeikata upya, nikiinakili kutoka chini. Si mizuri kama yako. Bisibisi na koleo zinaning'inia kwa kufuata ukubwa, kila kitu kinafikika kwa hatua moja tu kutoka kwenye kigoda. Na nimetoboa dirisha upande wa uani. Hilo ni langu. Bado naona, na nataka kuona maadamu naona.

Juzi baada ya dua, watu wanakula pilau, Baba Mdogo akaja na futi yake ya kupimia chumba. Aliingia, akageuza kichwa huku na huku, akaguna. Sikubishana naye. Nilifunga dirisha na mlango tukiwa ndani sote wawili, nikamwambia ataje anachotaka. Akataja bisibisi ndogo kuliko zote. Kisha springi ya kukazia uzi. Kisha sindano ya kushonea kitambaa kizito. Nikampa kimoja kimoja mkononi, giza totoro. Halafu nikaushika mkono wake nikaupitisha kwenye ukingo wa rafu, taratibu, kuanzia mkato wa kwanza. "Kaka alikuwa haoni?" akauliza, nikamsikia akikaa juu ya meza. Futi yake aliisahau humu, na habari ya chumba hajaitaja tena.

Nilipofungua dirisha nilimkuta ananitazama machoni. "Na wewe je?" Nikamwambia pilau inapoa, nikatoka nje.

Nakupa wewe jibu. Kila asubuhi kabla sijaanza kazi nasimama dirishani natunga uzi kwenye sindano. Mpaka leo unapita mara ya kwanza. Siku uzi utakapokataa nitaogopa, sikudanganyi. Lakini nakuahidi sitaficha kama ulivyoficha. Nitamwambia Baba Mdogo, nitamwambia Fundi Selemani, nitawaambia wenye cherehani. Atakayetaka kuondoa yake aiondoe, atakayebaki nitamtengenezea. Najua ahadi hii huipendi, mbishi wewe, ila ndiyo hiyo.

Na yale maneno niliyokutamkia, nisamehe. Siku zile nne nilisikia tupa nikadhani umeninunia, kumbe ulikuwa unanijibu.

Kwa heri, baba. Pumzisha mikono sasa, yangu imeshaijua njia.

Mwanao,
Hawa